Vita vya Mazishi ya Kisimbwa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote inayouzwa, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asije akaninong'oneza kwamba anaijua. Ilikuwa chini ya Himaya, na Makao Makuu ya Himaya yalikuwa mbali, safari ya siku ishirini na sita kwa meli. Himaya ilitupenda sana. Tuliarifiwa hivyo kila mwaka, kwa barua yenye muhuri.

Nilikuwa nimetoka Chuo cha Makarani miezi michache tu, na cheti changu kilisema kwamba mwandiko wangu ni wa kuaminika. Nilipangiwa ofisi ya Wilaya ya Kaskazini, chini ya Bwana Ostervald, Mkuu wa Wilaya. Siku ya kwanza Karani Mkuu, mzee mfupi aitwaye Mwinyikombo, alinikabidhi kalamu, kidau cha wino na nasaha moja.

"Kijana, hapa hatuandiki kilichotokea. Tunaandika kinachojibika."

Nilicheka, nikidhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Mimi niliamini kwamba jambo la kweli likiandikwa vizuri, kwa herufi zinazosomeka, likatiwa kwenye bahasha inayostahili, litamfikia mtu mwema mahali fulani, naye atatenda haki. Bado moyo wangu ni mzito kuiacha imani hiyo. Naiona kama nguo ya shule: hainitoshi tena, lakini nani ataitupa?

Wilaya yetu ilipakana na Wilaya ya Kusini ya Bwana Krimp. Mpaka ulikuwa mtaro ambao mtu mzima anauruka bila kupandisha kanzu. Upande wetu kilikuwapo kijiji cha Kisimbwa, upande wa pili Ngurumbe, na watu wa vijiji hivyo walikuwa wameoana mpaka wamechoka. Nyumba za Mabwana wawili nazo zilitazamana juu ya mtaro huo huo, karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anaitikia. Kila Jumamosi walicheza karata pamoja. Lakini Kanuni ya Kumi na Nne ilikataza wakuu wa wilaya kuzungumzia kazi ana kwa ana. Jambo la kazi sharti liandikwe, lipelekwe Makao Makuu, likasomwe huko, lirudishwe kwa jirani. Siku ishirini na sita kwenda, siku ishirini na sita kurudi. Basi Jumamosi walizungumzia meno yao.

*

Mwezi wa tatu wa utumishi wangu, meli ya Himaya iitwayo Ushindi wa Milele iligonga mwamba wa Kisimbwa saa nne asubuhi, maji yakiwa shwari na jua likiwaka. Nahodha hakuwa na kosa. Mwamba ule ulikuwa umeombewa kibali cha kuingia kwenye ramani miaka sita nyuma, na maombi yalikuwa bado yanashughulikiwa. Kwa hiyo, kisheria, meli iligonga maji.

Ilikatika katikati. Nusu ya mbele ikalala Kaskazini, nusu ya nyuma ikalala Kusini. Nahodha na wakubwa wenzake waliokolewa na mashua pekee iliyokuwapo, ambayo kwa bahati njema ilikuwa chini yao. Mabaharia tisa walikufa. Shehena ilikuwa marobota arobaini ya bafta nyeupe na makasha kumi na mawili ya fomu tupu.

Watu wa Kisimbwa wana desturi yao. Maiti akiletwa na maji huwa mgeni wa yule aliyemwona kwanza, na mgeni hazikwi uchi. Aliyewaona kwanza alikuwa Mbwarali, mkata sanda wa kijiji, mtu mpole mwenye vidole virefu, ambaye alizoea kupima watu kwa macho hata katika arusi. Akamwona wa kwanza, akamwona wa pili, mpaka wakatimia tisa. Akatazama robota moja la bafta lililokuwa likigongagonga mawe. Akaona kwamba nguo na wafu wametoka safari moja, na kwamba hakuna aliye na haki zaidi juu ya nguo ile kuliko wao. Alichana sanda tangu asubuhi hadi alasiri. Marobota mengine yalichukuliwa na maji. Makasha ya fomu yalifika ufukweni yote kumi na mawili, na hakuna aliyeyagusa.

Alasiri ndipo wakaja Wangurumbe, maana ni watani wa Wakisimbwa tangu jadi. Msomaji anajua mambo ya watani msibani. Wasipokuja kutukana, aliyekufa kaonewa. Waliuruka mtaro wakipiga kelele, wakiongozwa na Chande, mgema wa Ngurumbe, mwenye sauti ya kuamsha wilaya mbili. Mimi nilikuwapo, nimetumwa kuhesabu mbao.

Chande alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la kwanza, akashuka, akalala chali.

"Wakisimbwa! Mnazika watu au mnapanda mihogo? Kaburi gani hili? Mbona magoti yatabaki nje!"

"Toka humo, Chande," alisema Mbwarali. "Hapo ni mahali pa mtu wa maana."

"Sitoki. Pananifaa. Na huyu mgeni wako msimsingizie maji. Alionja mchuzi wa mkeo, basi."

Bi Somoe, mke wa Mbwarali, akajishika kiuno. "Mchuzi wangu si ulikunywa sufuria zima siku ya Idi? Mbona hukufa?"

"Nilikufa, Bi Somoe! Huyu unayemwona ni mzimu wa Chande, na mzimu una njaa!"

Watu waliokuwa wakiwalilia wageni wasiowajua walicheka, kisha wakalia tena vizuri zaidi. Watani wengine wakanyang'anya majembe na kukimbia nayo. Chande alikataa kutoka kaburini mpaka apewe kitu. Akapewa kengele ya shaba ya meli, iliyookotwa kwenye mawe. Akatoka, akazunguka makaburi akiigonga na kutangaza kwamba Kisimbwa sasa ni shamba lake. Kisha yeye na Mbwarali, bega kwa bega, wakawashusha wale tisa mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaolaza watoto wa wenzao.

*

Bwana Ostervald alikuwa juu ya kilima na darubini yake. Niliporudi nilimkuta ana jasho la furaha.

"Umeona?" alisema. "Wamevuka mpaka. Wameteka silaha. Wamezika mateka akiwa hai!"

"Bwana, yule ni mtani. Alilala mwenyewe."

"Alilala mwenyewe kaburini?"

"Ndiyo, Bwana. Hatoki mpaka apewe kitu."

"Na yale matusi?"

"Ni kwa sababu wanapendana, Bwana."

Alinitazama kwa huruma. "Kijana, mimi nimesomea vita," alisema, akaniamuru nichukue kalamu. Barua ninayo kichwani mpaka leo, kwa sababu niliinakili mara nne:

"Mheshimiwa, nina heshima kuarifu kwamba leo alasiri vita vimezuka baina ya kabila la Kisimbwa na kabila la Ngurumbe, chanzo kikiwa mabaki ya meli ya Himaya. Adui wa kusini, chini ya Jemadari Chande, alivuka mpaka na kutwaa kengele. Wakati huohuo mtu aitwaye Mbwarali alipora bafta ya Serikali. Nilisimama imara nikitazama. Ndimi, Mheshimiwa, mtumishi wako mnyenyekevu na mtiifu, Ostervald."

Bwana Krimp naye alikuwa na darubini. Barua yake, iliyosafiri katika mfuko mmoja na yetu, ilisema kwamba kabila la Kisimbwa ndilo lililochokoza, na kwamba Ngurumbe, chini ya malezi yake, ilipata ushindi wa wazi, ushahidi ukiwa kengele.

Juma lile Bwana Ostervald alihifadhi viti sita vya nahodha, zulia moja na saa ya ukutani. Bwana Krimp alihifadhi makasha ya mvinyo. Mbwarali hakuhifadhi kitu. Yeye alipora, akakamatwa.

Sheria ya Mabaki ya Meli ilikuwa fupi, na ndiyo iliyoshika roho ya Mbwarali, kwa hiyo naomba msomaji naye aishike. Kifungu cha tisa: mwenye kupora mabaki ya meli wakati wa amani atafungwa miezi mitatu. Mwenye kupora wakati wa vita atanyongwa.

"Kwa hiyo kama hakuna vita, mume wangu anarudi?" Bi Somoe aliniuliza, amekaa kwenye ngazi ya ofisi na bakuli la chakula limefunikwa kwa kawa.

"Anarudi, Bi Somoe. Na vita hakuna."

"Basi waambie, mwanangu. Wewe si unajua kuandika?"

*

Chande alikamatwa siku ya nne, alipokuja jela na kifurushi cha viazi vitamu kumtazama mtani wake. Bwana Ostervald aliandika kwamba Jemadari wa adui ametekwa baada ya mapambano makali. Mapambano yalikuwa kati ya Chande na askari mmoja aliyetaka kiazi. Wakawekwa chumba kimoja kwa kuwa jela ilikuwa na chumba kimoja, na tangu siku hiyo ofisi haikuwa na utulivu.

"Hata jela umenifuata!" nilimsikia Mbwarali akisema. "Ugali wangu umeshaupigia hesabu."

"Nimekuja kukupima. Wewe umepima watu wote, wewe atakupima nani? Na hivi ulivyo na shingo ya kuku, bafta yenyewe itabaki."

"Ikibaki wakushonee mdomo."

Askari walijificha ukutani wakicheka. Siku ya hamsini na mbili majibu yalikuja. Makao Makuu yalisikitishwa na vita, yalifurahishwa na uimara, na yaliwatunuku Mabwana wote wawili nishani ya Ujasiri Daraja la Pili, mmoja kwa kuzuia uvamizi na mwenzake kwa kuufanya. Juu ya Mbwarali walisema asubiri, mpaka vita vithibitishwe. Waliuliza pia kama bafta ile inaweza kurejeshwa ikiwa katika hali ya kutumika.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nililiona la kishujaa. Bwana alikuwa akiandika barua ya kushukuru nishani. Nilikaa mezani siku mbili nzima, nikaandika Kiambatisho C. Nilieleza utani ni nini. Nilieleza kwamba mtu anayekutukana msibani ni yule atakayelea watoto wako. Nilieleza kwamba bafta iko chini ya udongo na ndani yake wamo watumishi tisa wa Himaya, na kwamba kama Himaya ina mama, mama huyo angemshukuru Mbwarali. Nililia kidogo nikiandika, lakini nilihakikisha wino hauchafuki. Bwana alitia sahihi bila kusoma viambatisho, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Mwinyikombo alikisoma chote. Alikirudisha kwenye bahasha kwa vidole viwili.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Mungu amsaidie yule mtu."

*

Siku hamsini na mbili nyingine. Bi Somoe aliacha kuuliza kama barua imerudi. Alikuja tu na bakuli, akanitazama usoni, akaona, akakaa. Sasa aliwapikia watu wawili. Chande alilalamikia chumvi kila siku na kurudisha bakuli likiwa limelambwa.

Jibu lilikuwa la mistari minne. "Tumesoma Kiambatisho C kwa hamu. Ikiwa hapakuwa na vita, Bwana Ostervald na Bwana Krimp waeleze nishani zao ni za nini."

Bwana hakunikasirikia. Hilo ndilo lililonitia huruma. Alikaa kwenye kiti kimojawapo cha nahodha akiwa ameshika nishani kifuani, kama mtu anayesikia maumivu ya moyo. Jumamosi ile yeye na Bwana Krimp walicheza karata bila kutaja hata meno. Kanuni ya Kumi na Nne haikuwaruhusu kuogopa pamoja.

Jumatatu nikamwendea. Nilikuwa nimewaza usiku na mchana, na wazo langu lilikuwa zuri sana.

"Bwana, kama vita viliandikwa, kwa nini amani nayo isiandikwe? Wapatanishwe. Nishani zibaki kwa kuwa Bwana ameleta amani. Na Mbwarali, maadamu ni amani, atahukumiwa kwa sheria ya amani. Miezi mitatu. Ameshakaa mitatu na nusu."

Bwana Ostervald aliinuka kitini, akanishika bega.

"Kijana," alisema, macho yakiwa na machozi, "utafika mbali."

Nilikwenda mezani kwangu nikitembea juu ya hewa. Mwinyikombo alikuwa akichonga penseli.

"Umewahi kuona watu wasiogombana wakisuluhishwa?" aliuliza.

"Ni karatasi tu, Mzee."

"Ndiyo," alisema. "Karatasi tu."

*

Mkataba wa Amani ya Kisimbwa na Ngurumbe uliandikwa kwenye fomu za meli, zilizokauka na kuonekana bado zafaa. Ulikuwa na vifungu vinne. Cha kwanza, pande mbili zinakiri kwamba zilipigana, tangu siku meli ilipovunjika hadi siku ya sahihi. Cha pili, zinaishukuru Himaya. Cha tatu, zitaacha milele matusi, dhihaka, kejeli, kuvuka mtaro kwa kelele, na kulala katika makaburi yasiyo yao. Cha nne, kengele irudishwe kwa Serikali. Kengele ilitundikwa kwenye baraza ya Bwana Ostervald, ikawa ya kuitia chai.

Hafla ilifanyika juu ya mtaro wenyewe. Uliwekwa ubao, na juu ya ubao meza, kila Bwana akakaa katika wilaya yake. Mbwarali na Chande waliletwa. Mbwarali alikuwa amekonda, lakini alimtazama Bwana Krimp kwa macho yake ya kazi, akaninong'oneza, "Dhiraa nane, na tumbo lile."

"Sasa mtani," alisema Chande, "leo tunapatana. Kwani tuligombana lini?"

"Ulipozaliwa. Mama yako alitusumbua usiku kucha."

"Nyamazeni," alisema Bwana Ostervald. "Wekeni vidole."

Chande aliweka gumba lake akicheka, akapaka wino uliobaki kwenye shavu la Mbwarali. Mbwarali alisita. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kuchana. Alinigeukia mimi.

"Karani, humu mmeandika nini?"

"Kwamba kuna amani, Ami."

"Na hiki cha mwanzo?"

Nilikuwa nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe. "Ni maneno ya kufungulia tu, Ami. Weka kidole uende nyumbani. Bi Somoe yule pale."

Bi Somoe alikuwa upande wetu wa mtaro, amevaa kanga mpya. Mbwarali alimwona. Akaweka kidole.

*

Chande aliachiwa siku ileile. Jemadari aliyesaini suluhu hustahili heshima, kwa hiyo alipewa kofia nyekundu. Mbwarali alirudishwa chumbani kusubiri uthibitisho, ambao niliwaambia wote ni jambo la desturi tu. Siku hamsini na mbili.

Bahasha ilikuwa nene. Makao Makuu yaliwapongeza Mabwana, yakawapandisha nishani hadi Daraja la Kwanza. Kisha: "Kwa kuwa mshtakiwa Mbwarali amekiri mwenyewe, kwa dole gumba na mbele ya mashahidi, kwamba siku meli ilipovunjika palikuwa na vita, shaka iliyokuwapo imeondoka. Kifungu cha tisa kitekelezwe ndani ya siku kumi. Haki ya kukata rufani haizuiwi."

Nilikimbilia barazani. Bwana alikuwa akinywa chai.

"Bwana, ni makosa! Hakukuwa na vita. Bwana unajua!"

"Najua," alisema taratibu.

"Na bafta ni sanda, Bwana. Wamo watu tisa ndani yake."

"Najua, kijana. Nimelijua hilo muda mrefu. Lakini kujua kwangu si rasmi." Alinimiminia chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Andika rufani. Nitaitia sahihi."

Niliandika. Kurasa kumi na moja, na hesabu nilikuwa naijua: siku kumi upande mmoja, hamsini na mbili upande wa pili. Niliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wangu wa kuaminika. Ilijibiwa kwa upole mkubwa, wakati wake ulipofika. Walisema wako tayari kusikiliza, mrufani afike mwenyewe.

Kumwambia Bi Somoe kulikuwa juu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuweka bakuli chini.

"Kidole kile," alisema.

"Ndiyo."

"Ulisema aweke."

"Nilisema, Bi Somoe."

Aliingia kumpa mumewe chakula, kabla hakijapoa.

*

Siku ya tisa Chande alikuja dirishani. Amevaa kofia nyekundu, maana alikatazwa kuivua. Pembeni alisimama askari na nakala ya Mkataba, ameagizwa kusikiliza kifungu cha tatu kisivunjwe. Nami nilikuwapo kwa ajili ya kuandika kama kingevunjwa.

Mbwarali alisogea kwenye vyuma. Uso wake ulichangamka.

"Ehe, mzimu wenye njaa! Nilijua utakuja kunicheka. Haya, sema. Shingo ya kuku imekwisha kazi."

Chande alifungua mdomo. Akamtazama askari. Nyuma yake, Ngurumbe, alikuwa na mke na wazee wawili, na adhabu ya kuvunja Mkataba ilikuwa ile ya kuanzisha vita upya, ambayo Mbwarali ndiye aliyekuwa akiionyesha pale kwa mfano.

"Hujambo, Bwana Mbwarali," alisema Chande. "Habari za afya?"

Nimeona watu wakipigwa. Sijaona mtu akirudi nyuma kama alivyorudi Mbwarali.

"Njema, Bwana Chande," alijibu. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nashukuru."

Wakasimama hivyo, kama watu wawili waliokutana posta. Kisha Chande akaenda zake.

Mbwarali aliniita. "Karani, bafta ipo hapa ofisini?"

"Imebaki kidogo, Ami. Ni kielelezo cha kesi."

"Mwambie Somoe dhiraa sita na nusu zinatosha. Nimepungua."

*

Niliandika maombi ya kutoa kielelezo ghalani, nakala tatu. Nilipokuwa bado nikitafuta namba ya jalada, Mwinyikombo alipita mlangoni akitembea polepole, kanzu yake imetuna tumboni. Hakunitazama. Aliporudi kanzu ilikuwa imelala. Katika daftari la ghala aliandika neno moja, panya, akakaa akaendelea na penseli yake.

Basi Mbwarali alizikwa na sanda. Bi Somoe aliichana mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mkata sanda mwingine, na aliichana imepinda.

Wakisimbwa walikusanyika karibu na makaburi tisa. Wangurumbe walikuja wote, lakini walisimama ng'ambo ya mtaro, wamepangwa mistari na askari wa Bwana Krimp, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mabwana wawili walikuwa kila mmoja juu ya kilima chake na darubini. Mimi nilisimama kati na karatasi ya mistari. Niliagizwa kunukuu kila tusi na jina la aliyelitoa.

Kaburi lilikuwa tayari. Watu waliokuwa wamebeba jeneza walisimama. Hakuna aliyewaamuru wasimame. Walikuwa wakisubiri, kama miguu inavyosubiri ngazi iliyoizoea. Kaburi lilikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa amelala ndani yake.

Bi Somoe alikwenda mpaka ukingoni, akageukia mtaro.

"Chande!" aliita. "Njoo ulale humu. Njoo useme ni fupi!"

Chande, katika mstari wa mbele, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika chini ya ile kofia. Kutoka mbali, kwa darubini, ungeweza kudhani anacheka, na askari mmoja alimsogelea kutazama. Hakuwa anacheka. Askari akarudi mahali pake.

Tulingoja. Upepo uliipeperusha karatasi yangu. Hatimaye wakamshusha, na udongo ulisikika wote, punje kwa punje, kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine.

Watu walipoanza kutawanyika, Bi Somoe alinijia. Alitazama mkononi mwangu.

"Leo umeandika nini, mwanangu?"

"Sijaandika kitu, Bi Somoe."

"Laiti ungeanza hivyo," alisema, bila ukali wowote, akaenda zake.

Nilipeleka karatasi barazani. Bwana Ostervald aliitazama upande wa mbele, akaigeuza akatazama upande wa nyuma, akaishika juu kwenye mwanga. Alisema katika utumishi wake wote hajapata kuona ushahidi wa amani ulio kamili kiasi kile. Akaipiga muhuri katikati, akaandika tarehe, akanipa niinakili mara nne kwa ajili ya Makao Makuu.

Niliinakili.